Kumkumbuka bibi: mwongozo wa kuanza na vinavyopotea upesi

Bibi yetu mzaa baba tulimzika kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, huko Kibosho, Kilimanjaro, siku ya Jumamosi. Jumatano yake, matanga yameshaondolewa, mmoja wa wajukuu akabeba simu ya bibi hadi Moshi mjini, fundi akaifuta kila kitu, ikapewa binamu aliyekuwa anakwenda shule ya bweni. Hakuwa na nia mbaya. Lakini ndani ya simu ile mlikuwa na jumbe za sauti ambazo bibi alikuwa akitutumia alfajiri, akitueleza ng'ombe kaamkaje na mvua imenyesha kiasi gani, na wengi wetu tulikuwa tumeshazifuta kwenye simu zetu ili kupata nafasi. Saa ile fundi anaifuta, sisi wengine tulikuwa kwenye kikao cha ukoo tukibishania rangi ya marumaru za kaburi.

Marumaru zingeweza kungoja mwaka. Kwa hiyo hatua zilizo hapa chini sikuzipanga kwa kufuata gharama wala heshima ya jambo mbele ya watu. Nimezipanga kwa kuangalia kipi kinaoza kwanza. Baadhi tulizifanya vizuri, nyingine tulizifanya tukiwa tumechelewa.

Hatua ya kwanza: sauti, ndani ya siku saba

Mteue mtu mmoja wa kushika simu ya marehemu, na asiwe kijana mwenye haraka. Asiifute, asimwazime mtu, asitoe laini. Laini isiyotumika kwa miezi hufungwa na namba kupewa mtu mwingine, nayo akaunti ya WhatsApp imefungwa kwenye namba hiyo. Kama kuna fedha kwenye simu, ziacheni zilivyo mpaka cheti cha kifo kipatikane RITA, wakala wa serikali wa usajili, na mahakama imteue msimamizi wa mirathi. Kujua namba ya siri ya bibi hakukupi haki ya kutoa hata shilingi.

Kisha kila mtoto, mjukuu na mkwe aingie kwenye simu yake mwenyewe. WhatsApp ina sehemu ya kuhamisha mazungumzo pamoja na picha na sauti zake; yahamishe, uyatume kwenye barua pepe yako. Msisahau makundi ya familia, maana bibi wengi huongea zaidi kwenye kundi kuliko kwa mtu mmoja mmoja. Halafu tafuteni video za harusi, kipaimara na ubarikio. Kwenye sherehe zetu bibi lazima aitwe mbele atoe baraka, kwa hiyo huenda mpiga video fulani ana dakika tano za bibi yako akiongea na kipaza sauti mkononi. Mpigieni mapema. Hao nao hufuta kazi za zamani.

Kila faili lipe jina linaloeleweka: mwaka, mwezi, anayeongea, anaongelea nini. "Sauti 0047" haitamsaidia mtoto wako. Wekeni nakala mahali patatu: kwenye simu, kwenye diski au flashi, na kwa ndugu anayeishi mbali, ili nyumba moja ikiungua au kuibiwa vitu visipotee vyote.

Hatua ya pili: chumba na nguo, kabla ya kugawana

Kwa Wachaga wengi nguo na vyombo vya mama hugawanywa mapema, wakati mabinti na wakwe bado wako nyumbani. Ni utaratibu mzuri, kila mtu anaondoka na kitu mkononi. Kasoro yake ni kasi. Kufika jioni chumba ni kitupu, na hakuna anayekumbuka tena miwani ilikaa wapi.

Kwa hiyo, kabla ya mtu yeyote kushika kitu, piga picha. Anza mlangoni, zunguka chumba chote, ingia jikoni, nenda bandani. Piga kitanda kilivyotandikwa, kamba ya kanga, rozari kwenye msumari, sufuria lenye masizi, kigoda kilichochakaa upande mmoja. Nusu saa inatosha.

Halafu tengeni nguo moja ambayo haitafuliwa. Sisi tulibakiza kanga ya shambani. Pindo lake lina madoa ya kahawia ya utomvu wa ndizi, yale ambayo sabuni yoyote hushindwa, na kwenye kona moja kuna fundo dogo lililokazwa. Ndani ya fundo mlikuwa na shilingi mia mbili na punje tatu za mahindi. Punje hizo hatujui alizifungia nini. Tumezirudisha humohumo na fundo tumelifunga kama tulivyolikuta.

Nguo ya namna hiyo usiitie kwenye mfuko wa nailoni, maana itatoa ukungu, hasa huku milimani kwenye baridi na unyevu. Ianike kivulini ikauke kabisa, ikunje ndani ya kitambaa safi cha pamba, weka karafuu chache au majani makavu ya mwarobaini kuzuia wadudu, uitoe ipate hewa kila baada ya miezi michache. Kanga nyingine zigaweni, zivaliwe. Doti moja ina vipande viwili, na binti wawili wakichukua kipande kimoja kimoja, maneno yaleyale yanakaa nyumba mbili.

Nikiri kwamba kwetu shangazi wawili waligombania sweta la kijani na hawakusemeshana hadi Krismasi. Aliyewapatanisha ni dada yake bibi, aliyekwenda kwa mmoja wao ameshika jani la sale. Anayezijua mila za huku anaelewa kwamba ukiletewa sale mlangoni, kukataa kusamehe ni jambo zito. Kama ukoo wenu una dalili za ugomvi, mwekeni mzee mmoja asiye na anachodai ndiye asimamie kugawa.

Hatua ya tatu: wazee waliomjua akiwa msichana

Hapa ndipo pa kutumia nguvu zenu, na ndipo watu wengi hawafiki. Mnamjua bibi tangu akiwa bibi. Waliomjua akiwa na miaka kumi na tano, anayebeba majani ya ng'ombe kichwani na kuwacheka wavulana, huenda wamebaki wawili au watatu, nao wana miaka themanini na kitu. Waendeeni ndani ya miezi mitatu ya kwanza.

Nendeni watu wawili, si watano. Pelekeni sukari, majani ya chai, au chochote cha heshima kwa mtaa wenu. Salimieni, muulizwe habari za watoto, mle kilichopo. Msitoe simu ya kurekodi kabla hamjaomba ruhusa, na mkiruhusiwa iwekeni juu ya kitambaa mezani, kwani meza tupu hupokea kila mgongano wa kikombe. Kama mzee anaongea Kichaga vizuri kuliko Kiswahili, mwacheni aongee Kichaga. Kutafsiri kutafanyika baadaye. Lugha ya Kibosho si ya Rombo wala ya Machame, na maneno mengine mtayasikia siku hiyo kwa mara ya mwisho.

Msiulize "alikuwa mtu wa namna gani?" Mtajibiwa "alikuwa mtu mzuri", basi, kimya. Ulizeni vitu vya kushikika. Alilala na nani utotoni? Maji waliteka kwenye mfereji upi? Siku ya harusi alivaa nini, na kilitoka wapi? Nani alimfundisha kupika mbege, pombe yetu ya ndizi? Aligombana na nani, juu ya nini? Swali la mwisho liulizeni mzee akiwa amekwisha kuchangamka.

Suala la miaka lina ufundi wake. Bibi wengi wa rika lile hawana tarehe ya kuzaliwa, na wazee hawahesabu kwa kalenda, ila matukio wanayakumbuka sana. Kwa hiyo ulizeni hivi: alipoolewa, Marealle alikuwa ameshakuwa Mangi Mkuu, mtawala wa Wachaga wote? (Hiyo ni 1952.) Mwenge ulipowashwa kileleni Kibo usiku wa Uhuru, Desemba 1961, yeye alikuwa na watoto wangapi? Azimio la Arusha, 1967, alikuwa anaishi wapi? Vijana walipokwenda vita vya Kagera, 1978 na 1979, nani aliondoka nyumbani? Sokoine alipofariki Aprili 1984, na kabla ya hapo zile foleni za sabuni na sukari, alikuwa anafanya biashara gani? Papa Yohane Paulo wa Pili alipokuja Moshi Septemba 1990, alikwenda kumwona? Kwa maswali kama haya tulijua kwamba bibi aliolewa kabla ya Uhuru na mtoto wake wa pili alikuwa anatambaa usiku ule wa Mwenge. Dada yake alikumbuka kwa sababu walimfunga mgongoni kwa blanketi wakatoka nje kutazama mlima, na hawakuona kitu. Mawingu.

Mkishapata makadirio, nendeni parokiani au usharikani. Daftari la ubatizo ni hazina ambayo watu huikumbuka tu wanapotaka kufunga ndoa. Humo mna tarehe ya ubatizo, majina ya wazazi, jina la msimamizi, mara nyingine na kijiji. Parokia kongwe kama Kilema na Kibosho zilianza miaka ya 1890, kwa hiyo mnaweza kurudi nyuma hadi kwa wazazi wa bibi. Nendeni siku ya kazi, na jina la ubatizo mkononi, si lile la nyumbani. Karani wa ofisi ya parokia ana mambo mengi: mpeni mwaka wa kukisia, msimwambie afungue kila kitabu. Sisi tulimtafuta bibi kwa jina tulilolijua maisha yetu yote, hakuwepo. Alikuwa amebatizwa jina ambalo hata baba hakuwahi kulisikia.

Hatua ya nne: picha

Hapa nitapita haraka. Msizibandue picha zilizogandamana na kioo cha fremu, zitachanika. Zipigieni hapohapo, kwa pembe, ili kioo kisirudishe mwanga. Nyingine zipigeni karibu na dirisha, mchana, bila flashi, picha imelala bapa na simu iko sambamba juu yake. Majina yaandikwe nyuma kwa penseli laini, kwa kuwa wino wa biro hupenya na kutokea mbele. Na tafadhali msizipeleke picha asilia kufanyiwa lamineshoni. Lile joto na ile plastiki havirudishiki. Fanyeni lamineshoni kwenye nakala, asilia ikae kwenye bahasha ya karatasi.

Zilizo na watu msiowajua zipelekeeni wazee walewale wa hatua ya tatu. Picha moja ilimfanya dada yake bibi aongee saa nzima, wakati maswali yetu yote yalikuwa yameisha kwa dakika ishirini.

Hatua ya tano: chungu chake

Kila ukoo una mtu anayesema, "mtori wa bibi hakuna anayeuweza," yaani ile supu nzito ya ndizi na nyama. Huenda ni kweli, ila mara nyingi hakuna aliyejaribu kwa utaratibu. Bibi hakupima. Waliopika naye hawapimi. Ukimwuliza shangazi, atakwambia "ndizi za kutosha, nyama kiasi, chumvi kidogo."

Tulichofanya ni kuazima mzani mdogo wa jikoni kwa jirani anayeoka keki. Tukamwomba shangazi mkubwa apike kama kawaida yake, ila kila anachotaka kutupia kwenye sufuria kipite kwanza mzanini. Alikasirika mara mbili. Ndizi mshare kumi na mbili, zikishamenywa na kulowekwa kwenye maji zisiwe nyeusi, zilikuwa gramu 1,150. Mbavu za ng'ombe, gramu 800. "Chumvi kidogo" ya kwanza ilikuwa gramu 6, na "chumvi kidogo" ya pili, ile ya kuonja na kuongeza, gramu 11. Hapo ndipo tulipoelewa kwa nini mtori wetu mjini ulikuwa unapooza.

Lakini mzani haukutuonyesha jambo kubwa zaidi. Shangazi alichemsha mbavu hadi nyama ikaachia mfupa, akaitoa yote, ndizi zikaiva kwenye supu ile peke yake. Alipoanza kuponda, aliuegemeza mwiko ukutani mwa sufuria, akawa anakandamiza kuelekea kwake na kugeuza kiganja mwishoni, kila mara, kama anayefunga bomba. Mdogo wangu akasema, "Aa, bibi huyo." Sote tulikuwa tumeuona mkono ule miaka yote na hakuna aliyekuwa na jina lake. Nyama ikarudi, kitunguu, maziwa ya moto mwishoni. Nyanya hakuna. Video mnayopaswa kupiga ni ya mikono, kutoka juu ya bega la mpishi, si ya uso wake.

Pikeni mara tatu na wapishi watatu tofauti, andikeni vyote. Watabishana. Tofauti zao nazo ziandikwe, kwani yumkini bibi mwenyewe alibadilisha mapishi kadiri nyama ilivyokuwa ikipatikana au kukosekana.

Hatua ya sita: mgomba wake

Watu hupanda mti kama kumbukumbu, nami sina ugomvi na mringaringa wala mparachichi. Ila bibi wa mlimani ameacha kitu bora zaidi, na kiko nyuma ya nyumba. Mgomba haupandwi kwa mbegu. Huzaa machipukizi, na chipukizi ni mgomba uleule unaoendelea. Ukichukua mche kwenye shina alilolipanda yeye, unachopanda kwako ni kilekile alichokishika kwa mikono yake.

Chagueni chipukizi lenye majani membamba kama upanga, lenye kimo cha mita moja hivi. Yale ya majani mapana hayana nguvu. Ling'oeni pamoja na tunguu lake. Kwa kisu kateni mizizi yote na ganda la nje la tunguu hadi libaki jeupe, bila vijishimo vyeusi vya fukusi. Likiwa na vijishimo vingi, litupeni mchague jingine. Tumbukizeni tunguu kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 30, mhesabu, kisha litoeni. Hilo huua minyoo ya mizizi mliyokuwa mnakaribia kuihamishia shamba jipya. Shimo liwe la sentimita 60 kila upande, udongo wa juu uchanganywe na samadi iliyooza, na mpande mvua za masika zinapoanza, mwezi Machi.

Mshare hupenda baridi. Binamu yetu aliyepeleka wake Dar es Salaam anao bado, lakini hadi leo unamletea majani tu. Kama bibi alikuwa wa Arusha mjini bila shamba, tafuteni chochote alichokiotesha: mchaichai, ua la mkebeni, mrehani. Hivyo navyo hukubali kugawanywa.

Hatua ya saba: siku yake

Chagueni siku moja kwa mwaka, na isiwe lazima tarehe aliyokufa. Kwa Wakatoliki, Novemba ni mwezi wa marehemu na tarehe 2 ni siku ya marehemu wote. Nia ya misa huandikishwa ofisini mapema, si asubuhi ileile. Ndugu Waislamu watasoma khitma na kutoa sadaka kwa jina lake. Wengi tunangoja Desemba, mabasi yakishusha ukoo mzima kutoka kila mkoa, kwa kuwa ndiyo siku pekee watoto wa Mwanza na wa Mbeya wanakutana.

Msiifanye kuwa harusi ya pili. Mwaka wa kwanza tulikodi maturubai na mashine ya muziki, tukabaki na deni, na katika saa zote tano hakuna aliyetaja kisa hata kimoja cha bibi. Mwaka wa pili tulipika mtori kwa vipimo vya shangazi, tukakaa kwenye mabenchi, kila mtoto akaombwa kuuliza swali moja kuhusu bibi na mkubwa yeyote ajibu. Mmoja, wa darasa la pili, aliuliza kama bibi alikuwa anakoroma. Baba mdogo akaamka kutuonyesha.

Hatua ya mwisho: kaburi

Sasa ndiyo marumaru. Udongo wa kaburi hushuka, hasa huku kwenye mvua nyingi. Acheni masika moja ipite kabla ya kujengea, la sivyo saruji itapasuka katikati na mtalipa mara mbili. Kwa miezi hiyo msalaba wa mbao na sale zilizooteshwa pembeni vinatosha, na hakuna atakayewacheka. Miti ya mizizi mikubwa iwe mbali.

Maandishi ya jiwe msimtajie fundi kwa mdomo wala kwa simu. Yaandikeni kwa herufi kubwa kwenye karatasi, watu watatu wayasome kwa sauti, yapigwe picha, fundi atie saini. Hakikini tarehe na zile za daftari la ubatizo. Mwaka wa kuzaliwa mkiwa mmeukisia, andikeni "yapata" kabla yake.

Sisi tuliandika majina yake mawili, lile tulilolijua na lile la daftarini, kisha chini yake lile ambalo wateja wa ndizi walimwita sokoni Mbuyuni kwa miaka thelathini: Mama Usiguse. Fundi alitupigia simu mara mbili kuuliza kama tuna hakika.